Tanuri Lililoachia Kabla Halijashiba

Siku niliyorudisha funguo za gari la kazi mlinikatia keki, mkaniomba niwaandikie machache nyinyi mnaobaki. Keki ilikuwa nzuri. Haya ndiyo machache. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala na nani, kwa sababu hilo halijawahi kumwashia mtu moto. Nitaandika mambo ambayo hata sasa, nikiyakumbuka asubuhi kikombe cha chai kikiwa mkononi, hunifanya nisimame na kutembea jikoni kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu walikuwa watatu. Nilikunja sare ya shule nikaitia sandukuni, nikaenda kuomba kazi kwa mzee mmoja mtaani kwetu aliyeoka mikate katika tanuri la kuni. Mzee yule hakuwa na kipimajoto. Alitia mkono kwenye mdomo wa tanuri, akahesabu kimoyomoyo, kisha akakwambia kama mkate utaiva au utaungua. Nami nikajifunza kuhesabu. Mwaka haukuisha nikawa naujua moto wenye njaa na moto uliovimbiwa, na nikajua kwamba mara nyingi kosa si la moto, ni la hewa.

Wadogo zangu walimaliza shule mmoja baada ya mwingine. Ripoti zao zote zina sahihi yangu mahali palipoandikwa "mzazi". Wa mwisho alipopata kazi, bahati nasibu ya viza ikaniangukia mimi, nikafikia kwa jamaa Hyattsville, Marekani, nikiwa na miaka thelathini na sita. Nikapata kazi ya kusafisha jengo dogo lenye kliniki mbili za meno.

Huko ndiko nilikomkuta Papa Kalonji, fundi wa matanuri. Nilishuka chini na ndoo yangu, nikamwona mwanamume mnene ameketi juu ya kigoda mbele ya tanuri la gesi la kupashia jengo joto, lililokuwa wazi, mikono magotini, hafanyi lolote. Punde simu yake ikaita, akajibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Alipoikata nikamwuliza:

"Baba, limekushinda?"

"Linishinde namna gani? Niko natega sikio." Akanitazama na ndoo yangu. "Na weye, unasikia nini?"

"Nasikia feni."

"Feni gani? Iko mbili."

Nikatega sikio. Kweli zilikuwa mbili. Moja ndogo ililia kama nyuki ndani ya chupa; hiyo hutoa moshi nje. Nyingine kubwa, ile inayosukuma hewa ya moto hadi vyumbani, na ndani ya mngurumo wake kulikuwa na kitu kinapiga, tak, tak, tak.

"Ile kubwa inakula kitu," nikasema.

Papa Kalonji akazima, akapiga magoti, akatoa kipande cha kichujio kilichochanika kikanaswa kwenye mapanga ya feni. Akakiweka juu ya kiganja changu.

"Mama," akasema, "hiyo ndoo, utamwachia nani?"

Wiki mbili baadaye nilikuwa ndani ya gari lake, nimevaa viatu vya kazi vinavyonizidi namba mbili. Siku ya kwanza hakunigusisha hata bisibisi. Alinipa kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha kuchungulia mahali ambapo kichwa hakifiki, akasema nichungulie tu, kisha nimweleze nilichoona. Kioo hicho sikukirudisha na funguo. Mkitaka kuniandikia barua ya onyo, anwani mnayo.

Mtihani wa leseni ya ufundi ulikuwa wa Kiingereza na mimi niliacha shule kidato cha pili. Papa Kalonji alinichorea hatua zote nyuma ya boksi la kiwashio, nami nikazikariri kama nilivyokariri juzuu chuoni, kwa sauti, nikiyumba. Kidhibiti cha ukutani kinaomba joto. Feni ndogo inaamka. Kiwashio kinakuwa chekundu. Vali inaachia gesi, moto unashika. Kijiti kilichosimama ndani ya moto kinatoa ushahidi kwamba moto upo kweli. Feni kubwa inaanza kupeleka joto vyumbani. Nyumba ikitosheka, kidhibiti kinasema basi, na vyote vinalala. Mpaka leo nikiamshwa usingizini nitawaimbia bila kukosea.

Sasa tufike kwenye tatizo mtakalokutana nalo kila Januari: tanuri linalozima kabla ya wakati wake. Lina tabia mbili. La kwanza linawaka, linahesabu sekunde chache, linazima. Hilo shahidi wake haoni. Kile kijiti kimepata utando. Kitoe, kisugue taratibu, kirudishe. La pili linawaka vizuri, linakwenda dakika kadhaa, linazima moto ilhali feni kubwa inaendelea kupuliza hewa inayozidi kupoa. Hilo limepata joto kupita kiasi, na swichi ya usalama imeukata moto kabla bati halijapasuka. Hapo usimlaumu moto. Tafuta hewa. Ukizichanganya tabia hizi mbili, utarudi nyumba ileile mara mbili. Nasema kwa sababu nilizichanganya, katika nyumba ya kwanza kabisa niliyotumwa peke yangu.

Papa Kalonji alikuwa amepasuliwa goti. Simu ikaingia kutoka Springfield: nyumba ina mzazi, mtoto ana siku kumi, tanuri linazima ovyo, na wenyewe wanaomba wakiweza kuletewa fundi mwanamke. Kampuni nyingine ilikuwa imekwisha kufika, fundi wao akasema tanuri ni zee, ling'olewe. Mwenye karakana yetu aliniangalia mimi kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine wa kuangaliwa.

Niliendesha huku nikiimba hatua zangu. Theluji ilikuwa imeganda kando ya barabara, na nilifurahi kiasi cha kukosa njia ya kutokea na kuzunguka yale makutano makubwa mara mbili.

Mlango ulifunguliwa na Swaleh, baba wa mtoto, kijana wa Mombasa aliyevaa koti ndani ya nyumba yake. Nilipokanyaga tu kizingiti nilisikia harufu ya udi na ubani kutoka juu, nikajua yote kabla sijaambiwa. Mzazi yumo ndani ya arobaini. Ghorofa ya juu ni yake, ya mtoto na ya mamaye aliyekuja kumlea. Mgeni hapandi mpaka aitwe. Kwetu Tanga ni hivyohivyo. Kwa hiyo nikafanya heshima. Nikasalimu kutoka chini ya ngazi, sauti ya bibi ikaniitikia, nami nikashuka kwenye tanuri.

"Limeanza lini?" nilimwuliza Swaleh.

"Tangu mtoto aje nyumbani, dada. Kabla hapo lilikuwa fiti."

Nililichukulia kama neno la baba aliyekosa usingizi. Lilikuwa jibu kamili.

Nikafungua mlango wa bati wa tanuri. Kijiti cha ushahidi kilikuwa na utando. Moyo ukaruka. Nikakisugua, nikakirudisha, nikakishikiza kidude kinachozuia tanuri kuwaka likiwa wazi, ili nitazame moto wangu. Likawaka. Dakika tano, kumi, kumi na tano, moto wa buluu, umetulia kama uliochorwa. Nikafunga mlango, nikakusanya vyombo, nikaondoka kama bwana harusi. Nikampigia Papa Kalonji.

"Ulikaa nalo?" akauliza.

"Robo saa."

"Mlango wazi ao mlango yake imefungwa?"

"Wazi."

"Doucement, mama, polepole," akasema. "Kesho watakuita."

Waliniita asubuhi. "Ime-shut down tena, dada," Swaleh alisema, na nyuma yake nilisikia kilio chembamba cha mtoto mchanga.

Nilipofika, pumzi ya Swaleh ilikuwa inaonekana ukumbini. Lakini kilichonishtua kilikuwa kando ya mlango wa nyuma: gunia la mkaa na jiko jipya la bati, lebo bado imening'inia.

"Hivi vya nini?"

"Vya mkwe wangu." Alishusha sauti. "Amesema adhuhuri ikipita nyumba haijapata joto, tutie makaa chumbani kwa mzazi. Ndivyo wao walivyolelewa. Mimi na mkwe wangu, dada, naanzia wapi kumwambia hapana?"

Nyumba zetu za pwani zina madirisha yanayopumua na paa linalovuja hewa. Nyumba za huku zimezibwa kama mtungi wa gesi. Sumu ya makaa ndani ya chumba kile ingewaua wote watatu bila mtu kukohoa. Nilimwambia Swaleh hivyo, kwa maneno hayohayo, na nikamwambia aupeleke mkaa nje sasa hivi, mkwe au si mkwe. Aliubeba. Saa ilikuwa nne kasoro.

Nikashuka. Safari hii nilifunga mlango wa tanuri, nikageuza ndoo nikaifanya kigoda, nikaketi mikono magotini. Feni ndogo. Kiwashio. Moto. Shahidi ameona. Feni kubwa. Nikahesabu. Dakika ya saba, moto ukakatika, na feni kubwa ikaendelea kupuliza baridi. Tabia ya pili, waziwazi. Kijiti changu cha jana kilikuwa kichafu kweli, ila hakikuwa na hatia.

Tafuta hewa, basi. Kichujio kilikuwa kipya. Feni ilikuwa nzima. Nikasimama nikiwa nimeduwaa, na hapo ndipo nikaliona. Bomba pana la bati linalorudisha hewa kutoka juu lilikuwa limebonyea kwa ndani pande zote mbili, kama mashavu ya mtoto anyonyaye. Feni iliposimama, bati likarudi mahali pake kwa mlio, pa! Lilikuwa linavuta na halipati. Jana mlango ulikuwa wazi, tanuri likavuta hewa ya chumba cha chini, ndiyo maana likanidanganya robo saa nzima. Nilipofunga mlango niliziba pua yake ya mwisho.

Sijui nyinyi huwa mnafanya nini mkifikia hapo. Mimi nilicheka peke yangu, nikapiga bati kofi. Kisha furaha ikaniganda mwilini, kwa sababu nilijua hewa inayorudi inatoka wapi. Katika nyumba ile, matundu yote makubwa ya kurudisha hewa yalikuwa ghorofa ya juu. Kwa mzazi. Walikuwa wameomba mwanamke ili apande, nami nikaja nikafanya kazi kama mwanamume aliyekatazwa ngazi. Fundi wa kampuni nyingine hakuruhusiwa. Mimi nilijizuia mwenyewe.

Nikavua viatu. Nikanawa mikono, uso, mpaka viwiko. Nikajifunga mtandio, nikasimama chini ya ngazi.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Ni fundi. Naomba kumwona mzazi."

"Wewe ndiwe uliyekuja jana ukaondoka bila kutupa mkono?"

"Ndimi. Nilistahi kupanda."

"Ulistahi," bibi akasema. "Sisi twafa kwa baridi, mwenzetu astahi. Panda."

Mama wa mzazi alikuwa mfupi, mwenye macho makali, kanga mbili juu ya sweta mbili. Mzazi, Nuru, alikuwa kitandani na mtoto kifuani. Nikatazama kuta. Kila tundu lilikuwa limezibwa. Madogo yanayoleta joto yalisokomezwa vitambaa. Kubwa la kurudisha hewa, pale karibu na kitanda, lilifunikwa blanketi lililokunjwa mara nne, na kabati likasukumwa kulikandamiza. La pili, la kwenye korido, lilikuwa na godoro la wageni. Kazi ilikuwa imefanywa kwa ustadi; hata mimi nisingeziba vizuri zaidi.

"Mama, hapa nani ameziba?"

"Mimi. Mzazi hapigwi na upepo. Ule ukuta wavuta." Alionyesha lile tundu kubwa. "Siku ya kwanza niliweka mkono nikahisi wavuta pumzi, karibu na kichwa cha mtoto. Na haya madogo, mara yapuliza moto, mara yapuliza baridi. Yakipuliza baridi naongeza kitambaa. Naongeza, nayo baridi yazidi. Nyumba gani hii?"

Alikuwa ameeleza ugonjwa mzima, mwanzo hadi mwisho, bila kushuka ngazi. Ningeweza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyelizima tanuri. Lakini mtu hamwambii hivyo mama mbele ya bintiye mwenye siku kumi na moja za uzazi. Na angekasirika, vitambaa vingebaki, na mkaa ungerudi ndani. Nikaketi sakafuni.

"Mama, umelea wangapi?"

"Wangu sita. Wajukuu sikuhesabu."

"Mtoto akizibwa pua na mafua, hunyonya vipi?"

Akanitazama kama aliyeulizwa jina la siku. "Hunyonya kidogo akaachia. Hana pumzi. Akalia, akarudi, akaachia tena. Utadhani ziwa halina kitu."

"Na dawa yake si kubadilisha ziwa."

"Ziwa lina kosa gani? Wasafisha pua."

"Mama, lile tanuri chini linanyonya dakika saba linaachia. Watu wamekuja wanasema ling'olewe." Nikaweka mkono juu ya blanketi. "Hii ndiyo pua yake."

Nuru alianza kucheka polepole ndani ya shuka. Bibi hakucheka. Alitazama blanketi, akatazama kabati, akatazama vitambaa vyake kimoja kimoja.

"Na upepo?" akasema. "Upepo kwa mwanangu utauzuia wewe?"

Lilikuwa swali la haki, nami nilikuwa na jibu garini: vile vipande vya plastiki vyenye sumaku vinavyogeuza hewa iende juu ukutani. Nikavileta. Tulihamishia kitanda upande wa pili, mbali na ukuta unaovuta. Bibi alisimamia kama nahodha, akitia mkono mbele ya kila tundu, akinirudisha nilipokosea. Tukaondoa godoro na vitambaa vyote. Kabati tulilisukuma mimi na Swaleh, naye aliruhusiwa kuingia akiwa amegeuza uso. Blanketi bibi alilitoa mwenyewe.

Nikashuka, nikaamsha tanuri, nikafunga mlango, nikapanda tena. Tukaketi wote, Swaleh kwenye ngazi. Nilihesabu kwa sauti kwa sababu sikuweza kuhesabu kimya. Dakika ya tano hewa ilikuja na vuguvugu. Ya sita Nuru akautoa mkono nje ya blanketi. Ya saba hakuna aliyepumua. Ya nane. Ya tisa. Bibi alivua sweta moja. Kwa theluji iliyokuwa nje, nyumba ilikuwa na deni kubwa la joto, na moto ulilipa bila kusimama, nusu saa, saa nzima, hata nikaacha kuhesabu. Mtoto akanyamaza, akalala.

"Alikulea nani, wewe, katika arobaini yako?" bibi aliniuliza.

"Sijazaa, Mama. Wazazi walituacha mapema. Nimelea watatu wa mama yangu."

"Basi una watatu," akasema, kana kwamba anasahihisha karatasi. Akaenda akaniletea bakuli la uji wa pilipili manga aliompikia mzazi, akanikalisha mbele ya tundu la joto, akanifunika kanga mabegani. Nilikuwa na umri wa kutosha kukataa. Nilikunywa wote.

Adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita tulipousikia mlio kutoka chini. Tk. Moto ukazima. Swaleh akasimama ghafla kwenye ngazi, uso umempauka. "Dada, limezima tena."

Kabla sijafungua mdomo, bibi aliinua kidole, akatega sikio, akatazama kidhibiti cha ukutani ambacho hakuwa amewahi kujali kukisoma. Kisha akatazama mjukuu wake, aliyekuwa ameliachia ziwa, mdomo wazi, shavu limelegea.

"Liache," akasema. "Limeshiba."

Nilimsimulia Papa Kalonji, akataka nirudie neno lile mara tatu. Baadaye akawa analitumia kwenye kila nyumba, hata Temple Hills kwa watu wasiojua neno la Kiswahili. Alifunga vyombo vyake, akapiga bati kofi, akasema "Limeshiba," wakaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo, wadogo zangu wa karakana: fungeni mlango kabla ya kupima. Muulizeni mwenye nyumba limeanza lini, na jibu lake mliandike hata likionekana la kijinga. Ombeni kuona kila chumba, kwa adabu, viatu mkononi. Na mkikuta pua imezibwa, kumbukeni kwamba aliyeiziba alikuwa anamlinda mtu.

Mmeniuliza kama sioni nimeacha mapema, bado nina nguvu. Shule niliiacha nikiwa na njaa nayo, na njaa hiyo ninayo hadi leo. Kazi hii niliinyonya miaka ishirini na mitano, na hakuna aliyeniziba pua. Asubuhi hii tanuri la jengo letu limewaka, limekwenda muda wake, limezima. Sikuinuka kwenda kulitazama.